Dereva Asiyejua Tundu la Mafuta

Hii ndiyo hadithi ya upelelezi kali kuliko zote zilizowahi kusimuliwa na Wakongomani wa Buffalo, Marekani. Haya, zimesimuliwa mbili tu, na ile nyingine ilihusu mbuzi.

Maiti ilikuwa imelala chali katikati ya Grant Street, mbele ya duka la kutuma pesa, nyeupe pee kuanzia nywele hadi viatu. Wanawake walishaanza kulia. Mmoja alikuwa amefika ubeti wa pili wa wimbo wa mazishi. Inspekta Kornelia Bisogo akapiga magoti, akaweka vidole viwili shingoni mwa marehemu.

Marehemu akapiga chafya.

"Unga wangu," akasema. "Nani amemwaga unga wangu?"

Alikuwa Mzee Rurangwa, shemasi, ametoka kununua unga wa muhogo. Gari lilipomgonga, mfuko ulipasuka ukamfunika. Uhai alikuwa nao. Mguu wa kulia ndio ulioelekea upande ambao miguu haielekei.

"Gari lilikuwaje, Mzee?"

"La kijivu. Lilisimama. Nikasikia mlango unafunguliwa. Kisha likakimbia."

"Dereva ulimwona?"

"Mwanangu, nilikuwa na unga machoni."

Gari lilipatikana mchana uleule Black Rock, nyuma ya kiwanda kilichokufa kando ya mto. Taa moja ya mbele ilikuwa imevunjika na unga umeganda kwenye bampa. Wataalamu wa alama za vidole walikuta usukani umepanguswa kwa javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, unanukia kama choo cha wageni. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho.

"Mwenye gari anaitwa Mukashyaka," sajini akamwambia Kornelia. "Ndiye dereva mkuu kwenye bima. Ana miaka sabini na moja na hajawahi kupata ajali. Anaishi Louisville, South End."

"Na mwingine aliyetajwa?"

"Mjukuu wake, Cyubahiro, miaka kumi na tisa. Bima inasema anaendesha mara mojamoja tu."

"Huyo anaishi wapi?"

"Hapahapa Black Rock. Ukipiga chafya atakusikia."

Kornelia akacheka puani. Gari linalala Buffalo, dereva wake analala Louisville, safari ya kutwa nzima. Labda bibi huyo alikuwa akiendesha kwa maombi.

Cyubahiro alikuwa kijana mrefu, mpaka aliinama ili apite mlango wa kituo cha polisi.

"Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Columbus. Harusi ya binamu yangu Alliance. Tangu asubuhi."

"Gari lilikuwa na nani?"

"Ni la Bibi. Muulize Bibi."

"Bibi yako alikuwa Buffalo?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Bibi anapenda kutembea."

Mkuu wa Kornelia hakufikiri sana. "Nenda Louisville mwenyewe. Lugha yao unaijua." Kweli aliijua. Alizaliwa Uvira, na jirani zao walikuwa watu wa milimani, wenye ng'ombe na heshima nyingi, na uongo wa kiasi cha kutosha tu.

Ijumaa iliyofuata, Louisville, hakuwahi hata kubisha mara ya pili. Mlango ulifunguka, na bibi mfupi, mwembamba, amejifunga kitenge, akanyoosha mikono miwili mbele kama anayesubiri kuvikwa bangili.

"Ni mimi!"

"Ni wewe nini, Mama?"

"Yote."

Kornelia akaomba kuketi. Sebuleni kulikuwa na jirani, Caritas, anachambua maharage. Hakuonyesha dalili yoyote ya kuondoka.

"Tuanze mwanzo, Mama Mukashyaka. Ulitoka hapa lini?"

"Siku ile niliyotoka."

"Ukapitia njia gani?"

"Ile ndefu."

"Ulitia mafuta?"

"Columbus. Nilijaza."

"Tundu la mafuta liko upande gani wa gari?"

Bibi akafikiri. "Upande ule mafuta yanaingilia."

Caritas akaangusha sahani. "Mukashyaka kuendesha! Huyu hata kigari cha dukani anasukumiwa!"

"Nyamaza, Caritas. Hapa tunaongea na serikali." Akamgeukia Kornelia. "Leseni ninayo, Inspekta."

Alikuwa nayo kweli. Aliipata katika jaribio la sita, na mtahini akamwomba kwa upole asirudi tena.

"Mama, kumgonga mtu na kukimbia ni jela."

"Jela kuna joto?"

"Kuna."

"Bon. Hapa hita imekufa tangu Desemba." Kisha akakaza fundo la kitenge. "Mwanangu, mimi nimeshaishi. Nimemaliza."

Kornelia akampigia simu mwendesha mashtaka, akamweleza habari ya kiti na ya tundu la mafuta. Jibu lilikuwa kavu. Mama amekiri, gari ni lake, bima inamtaja. Asipopatikana dereva mwingine, Jumatatu anafikishwa mahakamani, na atalala ndani.

Basi Inspekta akamwingiza bibi wa watu kwenye gari lake, wakashika njia ya kurudi. Mukashyaka alihangaika na mkanda wa kiti mpaka wakavuka mto wa Ohio. Kornelia alikuwa anajiumauma midomo asicheke.

Walisimama Columbus. Bibi harusi, Alliance, aliwapokea na hina haijafifia mkononi.

"Cyubahiro alifika kwenye harusi yako?"

"Alifika."

"Asubuhi?"

Alliance akamtupia bibi jicho. Bibi akatazama dari.

"Bon, Inspekta, mimi ni Mkristo. Alifika keki imeshaliwa. Alishuka kwenye basi kutoka Buffalo. Na hakucheza! Cyubahiro huyu anayecheza hata wimbo wa simu ya benki. Donc nikajua kuna kitu."

"Mlikorofishana?" Mukashyaka akaingilia haraka. "Huyu amekasirika kwa sababu hakupewa zawadi."

"Bibi, alinipa blenda."

Kijana alidanganya, sawa. Lakini kufika harusini umechelewa si kosa la jinai, na bibi bado alikuwa amekiri. Wakili mzuri angewapangua wote wawili kabla ya chai. Alihitaji mtu mmoja aseme kweli kwa mdomo wake mwenyewe, na Jumatatu ilikuwa mlangoni.

Ndipo Mukashyaka akajinyonga kwa kamba ya maneno yake.

"Inspekta," akasema walipokaribia Buffalo, "kabla ya jela, nipeleke kwanza kwa Rurangwa. Siwezi kufungwa sijamwomba msamaha. Nitakuwa mtu wa aina gani?"

Kornelia nusura aache usukani. Alikulia karibu na ukoo wa namna hiyo. Kwao, aliyeumiza mtu huenda na wakubwa wake nyumbani kwa aliyeumia, huchukua maziwa, humpa kwa mkono wake mwenyewe na kutamka kosa lake. Polisi ni watu wa kupita. Maziwa hayapiti.

"Wazo zuri, Mama," akasema kwa sauti ya kondoo. "Nitamwita na mjukuu wako. Ukoo hauendi nusu."

Mzee Rurangwa alikuwa ameshatoka hospitali, mguu una vyuma, umeinuliwa juu ya mito kama mgeni wa heshima. Cyubahiro aliingia, akaketi nyuma ya wote, karibu na mlango. Maziwa yalikuwa ya galoni ya dukani, lakini mke wa Mzee aliyamimina kwenye kikombe cha mti kilichotoka milimani.

Kornelia akakichukua kile kikombe, akamkabidhi Mukashyaka kwa mikono miwili.

"Haya, Mama. Mpe Mzee. Useme ni wewe uliyemgonga."

Mukashyaka akapiga hatua, akasimama. Maziwa yakaanza kucheza kikombeni.

"Rurangwa," akasema. "Mimi... aliyekugonga ni..."

"Ninasikiliza," mzee akasema.

"Inspekta, haiwezekani tukatumia soda?"

"Haiwezekani, Mama."

Machozi yakamtoka. "Watu nimewadanganya. Maziwa siwezi."

Nyuma, kiti kikalia. Cyubahiro akaja akiwa ameinama, na safari hii hapakuwa na mlango. Akakipokea kikombe kwa bibi yake, akapiga magoti.

"Ni mimi, Mzee. Nilikuwa nawahi harusi, nikaangalia simu. Nilishuka nikakuona mweupe vile, nikajua nimeua. Nikakimbia. Nilipangusa usukani nikaenda kupanda basi."

"Kwa nini hukuita gari la wagonjwa?" Kornelia akauliza.

"Bima. Kwa umri wangu walitaka hela nyingi kuliko mshahara wangu. Donc tukaandika Bibi ndiye dereva, mimi naendesha mara mojamoja, na gari linalala Louisville. Kumbe ni mimi kila siku, kiwandani na kurudi. Nilijua nikikutwa kwenye usukani yote yatafumuka, na Bibi atakamatwa."

"Kwa hiyo ulimwacha mzee barabarani. Na unajua bima ikisikia hivyo inaweza kukataa kulipa? Huu mguu nani atautibu?"

Mzee Rurangwa akakipokea kikombe, akanywa taratibu mpaka chini.

"Nimesamehe," akasema. "Lakini wasipolipa, kijana, utanibeba mgongoni mpaka kanisani kila Jumapili. Na mimi ni mzito."

Cyubahiro akanyoosha mikono mwenyewe. Pingu zikalia.

Mukashyaka akajifuta machozi. Alipoona hakuna aliyemgeukia yeye, rangi ikamrudia usoni.

"Basi mimi nirudi zangu Louisville. Ya barabarani si yangu, na ya bima siyajui. Watoto waliandika wenyewe. Mimi na watu wa bima hatujawahi kusemezana hata salamu."

"Hata kwa simu, Mama?"

"Hata kwa ndoto!"

Kornelia akatoa simu yake. "Kampuni ya bima hurekodi, na wamenitumia," akasema, akabonyeza.

Ikasikika sauti ya mkalimani: "Mama, nani anaendesha gari hili kila siku?"

"Mimi!" ikajibu sauti ya kizee, changamfu kama ya bibi harusi. "Kila siku, kwenda kazini na kurudi."

"Na mjukuu wako?"

"Huyo? Ananifungulia mlango tu."

Watu wote wakamgeukia Mukashyaka. Akajiweka sawa kitenge, akaitegea sikio ile simu.

"Ana sauti nzuri," akasema. "Ni nani huyo?"