Wote Walifika Yameshaisha

Asubuhi ile ya Jumamosi chumba chao kilinukia chai na gundi. Chai ilikuwa jikoni. Gundi ilitoka kwenye kochi lililolazwa ubavu karibu na mlango, limevuliwa kitambaa, mbao zake zote nje. Mwanamume alikuwa amelipigia magoti, misumari midogo ameibana kwa midomo, anavuta kitambaa kipya cha maua na kukigonga taratibu. Mkewe alikuwa anafunga kilemba aende kwa dobi, alikoshinda akipiga pasi mashuka ya watu. Na mtoto wao wa kike, ambaye alama nyeusi shavuni ilimpa jina la Kidoti, alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, anatoa amri.

"Fundi, umepinda hapo."

"Wapi, bosi?"

"Hapo kwenye ua. Umelikata kichwa."

Mwanamume akachungulia. Kweli, ua lilikuwa limekatwa kichwa. Akang'oa misumari, akaanza upya, na mkewe akacheka mpaka kilemba kikafunguka.

Ndugu msomaji, ishike vizuri picha hiyo. Watu watatu, chumba kimoja, kicheko. Kabla jua halijazama ilikuwa imevunjika.

Kidoti alimwita Fundi kwa sababu hakuwa baba yake mzazi. Baba yake alifariki, na mama akakaa peke yake mpaka alipoolewa na huyu mshona makochi. Mama alijaribu kumfundisha mtoto kusema "baba", lakini mtoto alikaza shingo. Fundi mwenyewe ndiye aliyemtetea. "Mwache," alisema. "Jina halilazimishwi. Akitaka ataniita, asipotaka mimi ni Fundi tu."

Walihamia mjini wakitafuta kazi. Kule walikotoka, kochi likichakaa watu walilitupia shuka juu, basi. Mjini watu walilileta lishonwe. Kwa hiyo kazi ilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kujuana nao.

Nyumba waliyopanga ilikuwa na vyumba vingi, bomba moja na ua mmoja, na kila mpangaji alisalimia kwa kidevu akiwa njiani. Fundi alikuwa na kigugumizi. Nyumbani, kati ya watu wake, ulimi wake ulilainika na aliongea kama wewe na mimi. Mbele ya wageni neno lilimkwama kooni. Akisimama bombani akianza "Ha-ha-ha...", aliyesalimiwa alikuwa ameshajitwisha ndoo yake na kuondoka kabla "habari" haijatoka. Wengine wakasema anajidai. Wengine wakamwita Bubu. Hakuna aliyesubiri neno liishe ajue ni lipi.

Mmoja tu ndiye aliyewahi kuingia chumbani kwao, jirani anayetengeneza simu pembeni ya soko. Alileta kiti chake kilichobonyea. Fundi akakiwekea sponji mpya, akakataa malipo, kwa kuwa ni jirani. Yule jirani alikichukua kiti, akashukuru, na hakurudi tena hata kupiga hodi.

Basi Jumamosi ile, baada ya chai, mama akaenda kazini, na Fundi akamchukua Kidoti sokoni kumnunulia viatu vya shule.

Siku hizo mtaa mzima ulikuwa na habari moja mdomoni. Simu zilikuwa zinapokezana ujumbe kwamba kuna watu wanaiba watoto, wanawapa pipi na kuwapakia kwenye magari. Ulitoka wapi? Hakuna ajuaye. Mtoto wa nani aliibwa? Hakuna ajuaye. Lakini kila aliyeupokea alimtumia mwenzake, na kila aliyesoma alianza kuangalia watu kwa jicho la pembeni.

Kwenye meza ya muuza viatu Kidoti aliona vyekundu vyenye taa kwenye soli. Akivikanyaga vinawaka. Macho yakamtoka.

"Nataka hivi."

"Shule wanataka vyeusi, mama."

"Hivi!"

Fundi akamlipia vyeusi. Mtoto akajitupa chini. Wewe uliyelea unajua: mtoto wa umri huo akishikwa na hasira hutafuta neno linalouma kuliko yote. Kidoti akalipata.

"Niache! Wewe siyo baba yangu! Nataka mama! Niache!"

Fundi akamshika mkono amwinue. Akazidi kupiga kelele. Mwanamke aliyekuwa anauza nguo meza ya pili akaacha kukunja gauni.

"We baba, huyo mtoto wako?"

Swali dogo. Mtu mwingine angejibu, "Wa mke wangu huyo, amegoma viatu," na wote wangecheka. Fundi akageuka, akakuta macho kumi yanamtazama, halafu ishirini.

"Ni wa m-m-m..."

"Wa nani?"

"M-m-m..."

"Hajui hata mtoto ni wa nani!" mwanamume mmoja akapaza sauti. "Mtoto mwenyewe anasema siyo baba yake! Ndio hawa!"

Ndio hawa. Maneno mawili tu, na soko lote likajua maana yake.

Mwanamke wa nguo akamnyakua Kidoti, akamkumbatia kifuani. "Usilie mwanangu, umeshaokoka." Mtoto akatoa kichwa kwapani mwake, akaona mtu wa kwanza anampiga Fundi kibao, wa pili anamvuta shati, wa tatu anakuja na mguu wa meza. Hasira yote ya viatu ikamwisha.

"Mwacheni! Ni Fundi! Ni wetu!"

Hawakumsikia.

"Ni baba! Mwacheni, ni baba yangu!"

Mmoja alimsikia. Akatikisa kichwa kwa huruma, akawaambia wenzake: "Mnaona? Dakika ile siyo baba, dakika hii baba. Kashamlisha kitu mtoto wa watu." Na kipigo kikaongezeka.

Mahali pale, hatua chache tu, palikuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Jirani alisimama juu ya kiti aone vizuri. Alimwona Fundi. Alimtambua hata kabla damu haijamfunika uso. Kisha akashuka, akavuta mlango wa kibanda nusu, akaendelea na simu aliyokuwa anaifungua.

Polisi walipofika, watu walikuwa wameshatawanyika kwenye meza zao. Palibaki mwanamume chini, viatu vyeusi vya mtoto, na mwanamke mwenye mtoto aliyelia mpaka sauti ikakauka.

Mama alipata habari pasi ikiwa mkononi, polisi walipomletea Kidoti kwa dobi. Aliiacha juu ya shuka, hakujua hata kama shuka liliungua. Alifika hospitali na leso ya kazini kiunoni, amemshika Kidoti mkono, akamuuliza muuguzi kama kuna mtu ameletwa kutoka sokoni.

"Yule mwizi wa watoto? Kitanda cha mwisho kule," muuguzi akamjibu bila kuinua uso.

"Ni mume wangu."

Hapo ndipo muuguzi alipoinua uso.

Fundi alikuwa hatambuliki. Vidole vile vilivyojua kunyoosha ua kwenye kitambaa vilikuwa vimevimba, vimeelekea kila upande. Mama akamwacha Kidoti mlangoni, akamwinamia mumewe. Na kwa kuwa alikuwa na mtu wake, ulimi wa Fundi haukukwama.

"Kidoti yuko wapi?"

"Yuko salama. Yuko na mimi."

"Usimgombeze. Ni mtoto. Alitaka viatu tu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alfajiri alikata roho.

Baada ya maziko mama alikwenda sokoni peke yake. Hakwenda kugombana. Alitaka kujua kitu kimoja, akaanza na muuza viatu.

"Kaka, samahani. Nani alianza kumpiga?"

"Sijui, dada. Mimi nilikuwa nahudumia wateja. Nilipogeuka yameshaisha."

Akaenda kwa mwanamke wa nguo. "Mimi nilimshika mtoto tu. Sikumgusa mtu. Nilimwokoa mtoto!"

Akamuuliza mchukuzi wa mizigo, akamuuliza muuza vyombo, akawauliza vijana waliokaa kwenye mikokoteni. Huyu alikuwa upande wa pili. Yule alisikia tu kelele. Mwingine alifika mambo yameshaisha. Soko zima lilikuwepo, na hakuna aliyekuwepo. Meza zilikuwa zimejaa, watu wanapatana bei, na pale alipolala mumewe palikuwa pamepangwa nyanya.

Mwisho akafika kwa jirani. Huyu hakudanganya, na pengine ingekuwa afadhali angedanganya.

"Shemeji, nilimwona," alisema akitazama bisibisi mkononi. "Niliogopa. Ningesema namjua, wangenigeukia. Halafu, nisikufiche, nilijiuliza: kwani namjua kweli? Huenda ni kweli aliiba. Hata jina lake sikuwa nalijua."

Mama akakitazama kiti alichokalia jirani, kimejaa vizuri, mshono umenyooka. Akajifunika leso, akaondoka.

Mwezi haukuisha wakaondoka mjini. Kidoti hakuwa anaumwa popote, ila kila alipoona watu wamekusanyika, hata kama ni harusi, alijificha nyuma ya mama na kuanza kusema kwa haraka, bila kuulizwa: "Ni baba yangu. Ni baba yangu. Ni baba yangu." Mama alimziba mdomo kwa kiganja, wakapita.

FUNZO

Ndugu zangu, Fundi hakuuawa na majambazi. Aliuawa na watu wema, watu wanaopenda watoto, waliokwenda nyumbani jioni ile wakanawa mikono na kula na watoto wao. Ujumbe usiojua ulikotoka usiutume. Ukiona mtu anatuhumiwa, muulize, kisha msubiri ajibu, hata kama jibu linachelewa kutoka. Mkabidhi kwa wanaohusika, ushahidi upimwe. Ukimjua, sema unamjua, kwa sauti, hata kama utatetemeka. Na wewe uliyehamiwa na mgeni leo, usimsalimie kwa kidevu. Mjue jina, mjue kazi yake, mjue mke na mtoto wake. Usiseme mjini kila mtu na lake. Siku watu watakapomzunguka, uhai wake utategemea kama kuna mtu mmoja tu anayeweza kusema: huyu ni wetu. Na anayefuata kuzungukwa anaweza kuwa wewe.