Mzee Ndevu na Mashine ya Hewa

Kila asubuhi, kazi ya kwanza ya Chiriku ilikuwa kuokoa kikombe cha chai. Baba yake alikaa mezani, akapiga funda moja au mawili, mara kichwa kikaanza kuning'inia na kikombe kikainama. Chiriku alikidaka kabla chai haijamwagikia suruali, kisha akamtikisa bega. Msichana huyo alipewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, ila habari ya kikombe hakumwambia mtu.

Baba alikuwa fundi vioo hodari. Wenzake karakanani walimwita Mzee Ndevu, kwa ndevu nzito zilizofika kifuani, alizozichana kila siku kwa madaha kama bwana harusi. Usiku alikoroma mpaka madirisha yakatetemeka. Katikati ya kukoroma pumzi yake ilikatika kabisa, kisha ikarudi kwa kishindo. Daktari alisema huo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mwili haupumziki, ndiyo maana mtu anasinzia mchana.

Na kweli, siku moja Baba alisinzia akiwa ameshika kioo kikubwa. Kioo kilivunjika vipande vipande, naye akanusurika chupuchupu. Msimamizi akamwondoa kwenye meza ya kukatia vioo, akampa kazi ya kufunga mizigo kwa karatasi. Baba hakulalamika, lakini nyumbani aliacha kusimulia habari za kazini, na hilo lilimuuma Chiriku.

Ndipo bima ya wafanyakazi ilipompatia mashine ya kusukuma hewa, yenye mpira mrefu na barakoa ya kufunika pua na mdomo.

"Kwanza ni ya majaribio," alieleza afisa wa bima, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. "Mashine inajiwekea kumbukumbu kila inapotumika. Ukiitumia vizuri, itakuwa yako, na vifaa vya kubadilisha tutakuletea. Usipoitumia, tutaichukua tumpe mgonjwa mwingine."

Lakini kila asubuhi Chiriku aliikuta barakoa sakafuni, na kikombe kiliendelea kuinama.

"Baba, mbona huivai?"

"Naivaa, mwanangu. Sijui usiku inajivua vipi," Baba alijibu, macho yake yakiwa dirishani.

Chiriku aliingiwa na hofu. Mashine ikichukuliwa, Baba hatarudi tena kwenye meza yake. Akawaza, akawazua, akapata wazo aliloliona la maana sana. Kila alipotoka shule, kabla Mama hajarudi kutoka kazini, alijifungia chumbani, akavaa barakoa, akakaza mikanda na kuiwasha mashine. Hewa ilimpuliza mpaka machozi yakamtoka. Alijipa moyo kwa kusoma vitabu vyake kwa sauti, akiwa na hakika kwamba amemwokoa baba yake.

Siku ya kukaguliwa ilipofika, Baba, Mama na Chiriku walikwenda wote watatu ofisi ya bima. Afisa alifungua kompyuta, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Baba, mchana unakuwa wapi?" alimuuliza Mzee Ndevu.

"Karakanani."

"Basi kuna mtu anakulalia mchana. Usiku mashine inazimwa mapema, mchana inafanya kazi. Tena mtu huyu pumzi zake ni fupi, na zinakatikakatika kama za mtu anayeongea bila kituo."

Mama akageuka polepole, akamtazama Chiriku. Baba naye akamtazama.

"Kumbukumbu za namna hii siwezi kuzipokea," afisa aliendelea. "Itabidi mashine irudi."

Chiriku angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyemtaja. Lakini alimwona Baba ameinamisha kichwa, akajua kwamba aibu ile si ya baba yake.

"Ni mimi," alisema. "Niliivaa ili msiichukue. Baba hakujua. Naomba msimnyime kwa kosa langu."

Baba akakohoa.

"Kama mtoto amesema kweli, na mimi niseme. Hewa inavujia kwenye ndevu, inanipuliza machoni, naamka, naivua. Niliogopa kusema. Nilijua mtaniambia ninyoe."

"Makubwa haya," Mama alisema. "Yaani sote tumekosa usingizi kwa ajili ya ndevu?"

Afisa alicheka mpaka akashika meza. "Nani kakwambia unyoe? Ipo barakoa ndogo inayokaa chini ya pua tu, ndevu haizigusi. Bima inailipia, mradi niandike sababu ya kweli ya kubadilisha. Sasa nimeipata. Tutaanza majaribio upya." Akamgeukia Chiriku. "Na wewe, usiivae tena. Nguvu ya hewa hii daktari alimpimia baba yako, hukupimiwa wewe."

Barakoa mpya ilimkaa Baba sawasawa. Alilala usingizi wa kweli, na nyumba nzima ikalala naye. Ukaguzi uliofuata, afisa alimpa mkono: mashine ni yake, na vifaa vitakuja kila vinapochakaa. Wiki hiyo hiyo msimamizi akamrudisha kwenye meza ya kukatia vioo. Jioni Baba aliingia nyumbani akiimba, akasimulia habari za kazini mpaka chakula kikapoa.

Asubuhi yake Chiriku alikaa tayari kudaka kikombe. Baba alikunywa chai yote, akaomba nyingine.

"Wewe ulidanganya kwa kunipenda, mimi nilificha kwa kuona haya," alisema. "Lakini anayetaka kutusaidia atatusaidiaje kama hajui kinachotusumbua? Siku tuliposema kweli, ndiyo siku tuliyosaidiwa. Ukikwama, mwanangu, sema."

"Kusema tu, Baba? Hilo naliweza," Chiriku alijibu, akaanza kueleza kwa mikono yote miwili, hata akakipiga kikombe chake kumbo.

Baba alikidaka kabla hakijaanguka.