Mfuko wa Ndizeye

Hakuna aliyeligusa begi lile, lakini asubuhi hiyo kinywa cha mrija kilikuwa kimelowa.

Tumukunde alikigusa mara ya pili kwa sababu hakuamini. Lilikuwa begi la maji la mume wake Ndizeye, lile la mgongoni ambalo waendesha baiskeli hunywa humo bila kushuka: ndani kuna mfuko laini wa plastiki, na mrija mrefu unaofika mdomoni. Lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango wa chumba kwa miezi miwili, tangu lori lilipomgonga Ndizeye kwenye mlima wa kuelekea msitu wa Nyungwe. Alikuwa amekunywa nusu. Nusu ya pili ilikuwa bado mle, na kwenye mpira wa kinywa alama za meno yake zilionekana.

Siku ya gukaraba, watu wanaponawa ili kufunga kilio, kila kitu cha marehemu kilioshwa: nguo, viatu, kofia ngumu, hata baiskeli. Begi, Tumukunde alilificha chini ya godoro, akalirudisha nyuma ya mlango watu walipoondoka. Alijua ni kosa, tusimsingizie ujinga. Lakini maji yaliyoguswa na midomo ya mumeo, wewe ungeyamwaga? Mimi sijui kama ningeweza.

Wiki ile chumba kikaanza kunuka matope ya ziwani. Madoa meusi yakaota ndani ya mrija. Na Benitha, binti yao wa miaka saba, akaacha kunywa. Chai alikataa, uji alitapika, midomo ikampasuka.

"Kunywa kidogo, mama," Tumukunde alimbembeleza.

"Siko na kiu, Maman. Papa ananipa mayi."

"Papa gani?"

Mtoto alinong'ona, kama anayeficha siri ya mkubwa. "Ule wa nyuma ya mlango. Anasema bado kidogo tutaenda naye."

Tumukunde alikwenda kuutazama mfuko. Maji yalikuwa yamepanda hadi robo tatu. Mtoto alikuwa anakauka, na mfuko ulikuwa unajaa.

Mchana huo mvua ilipiga mabati hadi nyumba nzima ikanguruma, na katikati ya kelele hiyo Tumukunde, akiwa amebana mgongo ukutani nyuma ya mlango, alisikia pumzi ndani ya mrija, pumzi nzito ya mtu anayepanda mlima, na mapovu yakapanda moja baada ya jingine, taratibu, hadi kwenye ule mpira wenye alama za meno, na sauti aliyolala nayo miaka tisa ikamwita kwa jina ambalo mtu mmoja tu duniani alimwita. "Tumu."

Aibu iliyoje: kabla ya kuogopa, alifurahi.

Alikimbilia kwa mzee Hakimu, fundi wa velo, kama baiskeli zinavyoitwa huko kwao Kamembe. Yeye ndiye aliyemtengenezea Ndizeye yake, na ndiye watu wanayemwendea wakihitaji kisomo cha dua. Hakimu alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Maman Benitha, Ndizeye nilimwambia kila siku: mfuko ukilala na mayi, unaoza. Unamwaga, unaosha, unaacha wazi ukauke. Weye umeacha miezi miwili? Yenye iko mule haiko bwana yako. Ni jini, limekuta nyumba haina mwenyewe."

"Linaita kwa sauti yake, Mzee."

"Sauti linaweza kuiba. Weye ulificha, weye utaosha. Uliulize neno mulilosema wawili tu. Litakosea. Likikosea, hautakuwa tena na huruma nalo."

Hakimu akaja, akaketi kando ya kitanda cha Benitha, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Tumukunde akachuchumaa uani na beseni la maji ya uvuguvugu, bikaboneti, limau, na waya wa breki uliofungwa kitambaa mwishoni. Alimwaga yale maji kwenye mchanga. Yalikuwa mazito, na yalichelewa kunywewa na ardhi. Akang'oa mpira wa kinywa, akautupa kwenye makaa kama Hakimu alivyomwagiza, na alama za meno zikayeyuka mbele ya macho yake. Alilia, lakini mikono haikusimama.

Alipoingiza waya mrijani, sauti ikasema, "Tumu, usiniondoe."

Akainama hadi shavu likagusa mrija. "Asubuhi ile ya mwisho nilikuambia nini?"

Sauti ikajibu: "Ulisema velo ndiyo bibi yangu, niende nikalale nayo."

Ndiyo hayo, neno kwa neno. Miezi miwili yalikuwa yamemkaa kooni.

"Nilicheka njia nzima," sauti ikasema. "Sikukasirika, Tumu."

Hakuna aliyemwambia la kufanya likijibu sawa. Aligeuka akatazama kupitia mlango. Benitha alikuwa amelala mdomo wazi, ulimi umekauka kama ganda la muhogo, na kifua kilikuwa hakipandi sana.

Tumukunde akavuta waya.

Kitambaa kilitoka cheusi. Ndani ya mrija kitu kilivuta pumzi ndefu, kikaishia katikati. Akasugua tena, na tena, hadi mrija ukawa mweupe na hakuna kilichosema.

Ndani, Benitha aliomba maji. Alikunywa vikombe viwili, akaomba cha tatu.

Hakimu alitoka akijifuta jasho. Tumukunde alikuwa amempa mgongo, anauning'iniza mfuko kwenye kamba, amechomeka kijiti ndani ili pande zisigusane.

"Lilikosea, sivyo?" Hakimu aliuliza.

"Lilikosea, Mzee," akasema Tumukunde.