Sanduku Ambalo Gene Hakuthubutu Kulifungua

Mnageuza nyuso. Ndivyo mlivyofanya Jumamosi ile katika ukumbi wa zimamoto wa mji wetu wa Marsh Run, Pennsylvania, na ndivyo mnavyofanya hadi leo jina la Gene Hrabovsky likitajwa. Mimi nilikuwepo, nikiuza pierogi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, kuchangia kanisa, na sijasahau.

Mnazikumbuka jioni za kiangazi pale kwa akina Gene. Joelle, binti yao wa miaka kumi na saba, alikuwa akikaa barazani na kupuliza klarineti ya mpingo aliyoachiwa na babu yake mzaa mama, mchimba makaa. Watu walizima mashine za kukatia nyasi ili wamsikie. Darla, mama yake, alikatakata maharage mabichi, na Gene aliegemea nguzo akitabasamu. Binti alikuwa na siku yake inayokuja: Jumatatu moja ya Oktoba, mbele ya jopo la chuo cha muziki. Akipita, atasoma bure. Asipopita, hapa kwetu kuna ghala la mizigo, basi.

Lakini chumba cha chini ya nyumba ile kilikuwa kimejaa mashujaa wa plastiki, kila mmoja ndani ya boksi lake, hakuna aliyewahi kuguswa. Ukutani Gene alitundika, kwa fremu na kioo, matangazo ya kurasa za mwisho za vitabu vya katuni vya zamani: miwani ya kuona kupitia kuta, misuli ya siku saba, jeshi zima ndani ya kasha.

Hapa nataka mnisikilize. Gene alipokuwa na miaka tisa, alikata kuponi kwenye ukurasa kama huo, akatia sarafu zake katika bahasha, akaagiza Mlinzi wa Zohali, jitu la plastiki linalonyanyua lori kwa mkono mmoja. Tangazo lilisema wiki sita. Alikimbilia sanduku la barua kila siku mpaka theluji ikaanguka, na hakuna kilichokuja. Waliomwibia walikuwa watu wazima wenye ofisi na mhuri, na hakuna aliyewauliza kitu. Kwa hilo simcheki. Ila miaka ilipita, akaoa, akazaa, na bado alikuwa akimngoja Mlinzi wake aje kwa posta.

Jumamosi ile ya mnada wa vitu vya zamani, akatokea mchuuzi wa kutoka mbali aitwaye Rollie, akaweka mezani sanduku dogo la kahawia, lenye stempu ya mwaka 1974 na gundi yake.

"Mlinzi wa Zohali," Rollie alisema. "Halijafunguliwa tangu litoke kiwandani."

"Nitajuaje yumo?" Gene aliuliza.

"Hujui, bwana. Ukifungua umeua thamani yake. Wewe si mgeni wa mambo haya, au nimekosea meza?"

Mlicheka. Mmoja wenu akasema, "Chukua, Gene, tutakuzika nalo."

Rollie hakutaka pesa. Alishapata habari za klarineti ya mpingo, akataka wabadilishane. Gene akaingia garini, akaenda kwake, akarudi na kasha jeusi la klarineti.

"Gene, hiyo ni ya mtoto," nilimwambia.

"Inakaa nyumbani kwangu. Nitamtafutia nyingine, usinitie presha."

Nilisema mara moja tu, kisha nikanyamaza kwa sababu foleni ya chakula ilikuwa ndefu. Hilo nalo naliandika. Ninyi hamkusema hata mara moja.

Kesho yake, baada ya kanisa, Joelle alitafuta kasha lake. Yaliyofuata Darla alinisimulia mwenyewe, meza ya jikoni ikiwa kati yetu.

"Baba, klarineti yangu iko wapi?"

"Nimeibadilisha, mwanangu. Usikasirike. Hiki ni kitu cha mara moja maishani."

Joelle aliinua sanduku, akalitikisa.

"Taratibu. Hiyo gundi ni ya asili."

"Humu ndani mna nini?"

"Mlinzi wa Zohali."

"Umemwona?"

Gene akanyoosha mkono alichukue. "Sisi huwa hatufungui."

"Mimi si mmoja wenu," binti alisema, akachukua kisu cha jikoni.

Ndani mlikuwa na matambara na kufuli kuukuu ya kuongeza uzito. Mtu mwingine yeyote angelifungua njiani akagundua. Mkusanyaji peke yake ndiye anayeweza kulinda matambara mpaka kufa. Gene aliketi kwenye ngazi, akayatazama. Darla alingoja aombe radhi. Alichosema ni hiki: "Ungeliacha tu limefungwa."

Rollie alishaondoka mjini na ile ya mpingo, na siku ya usaili Joelle alipiga klarineti ya plastiki ya shule, yenye ufa. Hakupita. Leo yuko ghalani, zamu ya asubuhi. Siku hizi binti humwita baba yake kwa jina, Gene, kama mtu wa mtaa wa pili.

Funzo

Aliyedhulumiwa utotoni hana ruhusa ya kulipwa kwa kitu cha mtoto wake. Utamu wa zamani ukianza kula haki ya walio hai, huo ni wizi, hata ukitundikwa ukutani kwa kioo. Na kundi linaloona likacheka limeshika mkono wa pili wa mwizi.

Sasa inukeni. Mnada unarudi Jumamosi hii, na orodha ya wachuuzi imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Rollie yumo, meza ya nne. Leo hii mpigieni mkuu wa zimamoto asimfungulie mlango kabla hajasema klarineti aliipeleka wapi, na Jumamosi saa mbili asubuhi mje msimame mbele ya meza yake, nyote mliocheka. Mimi sitauza chakula. Nitakuwa pale nikiwahesabu.