Boti ya Polepole

Wako waliopendana harusini kwa watu, wako waliopendana msibani, Mungu awasamehe. Hawa wawili walipendana kwenye foleni ya bolti, Jumamosi saa nne asubuhi, ndani ya duka la vifaa vya ujenzi lililojaa watu hadi mmoja akikohoa wote wanatikisika.

Mwanamke alikuwa fundi wa magati, zile sakafu za mbao zinazoingia ziwani ili watu wafungie boti zao. Wote walimwita Fundi, hata mama yake. Siku hiyo alivaa ovaroli la buluu lililopauka magotini, kitambaa chekundu kichwani na penseli sikioni. Mwanamume aliyesimama nyuma yake alivaa kaptura nyeupe. Nyeupe, jamani, kwenye duka la saruji! Na miwani ya jua ameiweka utosini, kama kwamba utosi ndio unaoona.

"Dada, naona umemaliza bolti zote."

"Sijamaliza. Nimekuachia sanduku."

"Sanduku tupu."

"Basi umepata pa kuwekea hasira."

Muuzaji akaangua kicheko. "Gawaneni, wakubwa. Foleni imefika barabarani."

Fundi akageuka na kumtazama yule mtu kuanzia miwani hadi ndara. "Unataka ngapi?"

"Nne tu. Mimi ni nahodha wa boti. Kiti changu kinacheza."

"Nahodha mzima, kiti kinakuchezea?"

"Ndiyo maana natafuta fundi."

Fundi akampa bolti nne, na namba ya simu kwa ajili ya siku ambayo bolti hazitatosha. Bolti zilitosha. Simu ikapigwa jioni ile ile.

Sasa nieleze kazi ya Nahodha, maana humo ndimo mambo yalimojificha. Mjomba wake alikuwa na boti ya mawimbi. Boti hiyo ina matangi tumboni. Ukiyajaza maji, makalio ya boti yanazama, pua inainuka, na nyuma yake linaumuka wimbi nono ambalo vijana wenye pesa zao huteleza juu yake kwa ubao, bila hata kushika kamba. Wanapiga kelele za furaha kama wamevumbua maji.

Fundi aliishi na mama yake kwenye ghuba nyembamba ya ziwa hilo hilo. Karakana aliyoachiwa na marehemu baba yake ilikuwa ukingoni kabisa, na humo ndimo zilimokaa mbao, randa, misumeno na riziki ya watu wawili. Kila siku saa kumi na moja jioni, boti ya mawimbi iliingia ghubani. Ikifika mbele ya karakana, Nahodha alipunguza mwendo, akavua kofia na kuinama kama mbele ya malkia. Fundi aliinua nyundo juu. Kisha boti ilikata kona na kupotea.

Usiku simu zilifuata.

"Leo umevaa kitambaa cha kijani," Nahodha alisema.

"Umekionaje na boti inakimbia?"

"Inakimbia wapi, roho yangu? Nikifika kwako naenda polepole. Mwenye adabu hapiti mbio mbele ya nyumba ya watu."

"Kumbe una adabu!"

"Ninayo. Sijapata tu mahali pa kuionyesha yote."

Fundi akacheka, akakata simu, akalala akiwa bado anacheka. Ndiyo mapenzi hayo. Hata mtu mwenye nyundo hulegea.

Lakini ukingo ulikuwa unaliwa. Baba yake alipojenga karakana, kutoka mlangoni hadi majini zilikuwa hatua tisa. Mvua za mwaka jana zilipoisha zilibaki saba. Sasa zilikuwa tano, na mama mtu alizipima kila asubuhi kwa miguu yake, kanga kiunoni.

"Fundi, karakana hii ikiingia majini, mimi siifuati. Sijui kuogelea na sianzi leo."

"Haitaingia, mama. Nitakufa nayo mkononi."

"Usife. Tafuta anayeila."

Wakazi wa ghuba walikuwa wameshampata mkosaji. Ni Mwalimu, mstaafu wa hesabu mwenye miaka sitini na minane, ambaye kila alfajiri alivutwa na boti ndogo akiwa amesimama juu ya mbao mbili za skii, kwa mwendo wa kufa mtu. Magoti yake yalilia kama mlango wa ghala, lakini mwenyewe alipita akitabasamu. Mwenye mbio ndiye mharibifu, watu walisema. Mwingine akakumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, na penye methali nani atabisha?

Wakamwomba Fundi aandike barua kwa kamati ya ziwa. Akaandika kwa mkono wake: boti zote ziende polepole ndani ya ghuba, anayekimbia azuiwe. Usiku akamsomea Nahodha kwenye simu, neno kwa neno.

Alipomaliza akaikunja karatasi, akasubiri.

"Upo?"

"Nipo."

"Unaionaje?"

"Barua nzuri, mpenzi. Ipeleke."

Tumwangalie huyu bwana hapo alipolala na simu sikioni. Alijua. Nahodha yeyote wa boti ya mawimbi anajua kwamba boti ile ikikimbia inapanda juu ya maji na wimbi linasinyaa. Ikienda polepole na tumbo limejaa, inalima ziwa kama jembe. Barua ya mpenzi wake ingemfunga Mwalimu na kumwacha yeye huru. Hakujua wimbi lake linafika wapi, hilo tumtetee, maana likigonga ukingo yeye alishakata kona. Lakini alijua barua imekosea, akalimeza neno kama mtu anayemeza mbegu ya chungwa. Aliogopa kumkosoa, aliogopa kazi ya mjomba, na usingizi nao ulikuwa mtamu.

Wiki iliyofuata Fundi alishinda majini hadi magotini, akibadilisha nguzo ya gati lake mwenyewe. Mwalimu, ambaye siku hiyo alichelewa kuamka, alipita saa tatu mbio kama aliyeiba. Fundi akajikaza, akasubiri kipigo. Maji yakaja kumlamba magoti, yakarudi. Akashangaa, lakini kazi ilikuwa nyingi.

Saa kumi na moja boti ya mawimbi ikaingia. Nahodha akapunguza mwendo, akavua kofia, akainama. Fundi akainua nyundo. Boti ikapotea konani. Akahesabu bila kujua kwa nini anahesabu. Alipofika ishirini na mbili, wimbi la kwanza likamfika kifuani, la pili likamwangusha, la tatu likachukua sanduku la vifaa. Alipoinuka akitema maji, aliona kipande cha ukingo kirefu kama kitanda kikiteremka taratibu ziwani, na majani yake juu.

Alipiga simu akiwa bado anachuruzika.

"Ulikuwa unajua?"

"Nini tena, kipenzi?"

"Usiniite kipenzi, nimelowa. Boti yako ikienda polepole wimbi linakuwa kubwa. Ulijua au hukujua?"

Nahodha akavua kofia.

"Nilijua linakuwa kubwa. Sikujua linafika kwako. Haki ya Mungu, sijawahi kugeuka kuangalia."

"Na barua? Nimekusomea barua nzima!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Wewe. Na mjomba."

"Basi muoe mjomba."

Akakata. Nahodha akapiga mara kumi na moja. Ya kumi na mbili Fundi akapokea.

"Samahani, Fundi. Nisamehe."

"Samahani haizibi ukingo. Jumapili saa tatu kamati inakuja kwangu kuamua juu ya barua. Njoo na boti, matangi yamejaa, upite vile vile unavyopita ukinisalimia. Watu waone."

"Mjomba atanifukuza."

"Karakana yangu inaondoka, Nahodha. Wewe utaondolewa na mtu mwenye mdomo, unaweza kubishana naye. Mimi nabishana na maji. Saa tatu."

Mjomba alipoambiwa alipandwa na hasira hadi sauti ikapasuka. "Nimekupa usukani, wewe unaniletea kesi! Mwanamke mmoja na nyundo yake!"

"Mjomba, nyundo haina kosa."

"Ukipeleka boti pale, Jumatatu usije."

"Basi Jumatatu sitakuja. Jumapili naenda."

Jumapili watu walijaa ukingoni, kamati mbele, juu ya gati, na wakazi nyuma. Mjomba naye alikuja, amevaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa hadi mtu angeweza kunyolea ndevu. Fundi alivaa ovaroli lile lile, amelifua na kulipiga pasi, mistari imesimama kama rula. Hakumwangalia mtu usoni.

"Kwanza Mwalimu," akasema.

Mwalimu akapita mbio, magoti yakilia, mkono mmoja hewani. Watu wakaguna kwa ile kasi. Maji yakafika kwenye gati kama paka anayelamba sahani.

"Sasa Nahodha."

Boti ikaingia polepole, pua juu, tumbo chini. Safari hii Nahodha hakuvua kofia. Hakukata kona pia. Alizima injini pale pale, akageuka, na kwa mara ya kwanza akalitazama wimbi lake likienda kwa watu.

"Mbona linakwenda taratibu tu?" mjumbe mmoja akauliza.

"Subiri," Fundi akasema.

Gati likaruka. Wajumbe wawili wakakumbatiana bila kufahamiana. Viatu vya mjomba vikajaa maji, na pembeni yao ukingo ukakatika na kuanguka kwa sauti ya mtu mzima anayekaa chini. Mama mtu akatoka mlangoni, akapima kwa miguu, watu wote wakimsubiri.

"Nne," akasema.

Ndipo kelele zikaanza. Boti za mawimbi zifukuzwe! Zichomwe! Aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyetaka Mwalimu afungwe wiki iliyopita. Fundi akagonga nguzo kwa nyundo hadi wakanyamaza.

"Barua niliyoandika mimi ilikosea. Naifuta mimi. Ziwa si langu, na wala si la anayepiga kelele kuliko wenzake. Nahodha, sema unachokijua. Chote."

Nahodha alisimama ndani ya boti, uso umemwiva. "Wimbi hili likianzia katikati ya ziwa, penye kina, linachoka kabla ya kufika nchi kavu. Hapa ghubani ni pembamba, halina pa kuchokea. Boti yangu ikitaka kuingia humu lazima kwanza ikamue maji yote ya matangi huko nje. Dakika saba tu. Hatukamui kwa sababu ya uvivu." Akamtazama Fundi. "Uvivu wangu mimi."

"Wateja wanapenda humu ndani," mjomba akanung'unika huku akikamua soksi.

"Wateja wanapenda wimbi, mjomba. Halina anwani."

Walibishana hadi jua likawa utosini, lakini Fundi hakukaa. Mwisho wakakubaliana, Fundi akaandika: boti za mawimbi zikae katikati penye maboya, hatua mia tatu kutoka ukingo wowote, ghubani ziingie matangi yakiwa matupu. Asubuhi hadi saa tatu ni ya watu wa skii, maana wao wanataka maji yaliyolala. Jioni ya Jumapili injini zote zinyamaze, wakazi waogeshe watoto wao kwa amani. Mwalimu alilalamika kwamba amenyimwa jioni, mjomba kwamba amenyimwa ghuba, mama mtu kwamba hatua hazirudi. Kila mmoja alipokwisha kununa, Fundi alijua wamegawana sawasawa.

Nahodha hakufukuzwa. "Nimpate wapi mwingine," mjomba aliuliza, "anayeniaibisha mbele za watu halafu ananirudishia boti nzima?"

Lakini simu za usiku hazikurudi. Nahodha akaamua kwenda mwenyewe. Kila Jumapili alizunguka ziwa kwa miguu, mwendo wa saa nzima, akafika kwa Fundi na kubeba mawe ya kujengea ukingo. Kaptura nyeupe ikawa ya kahawia. Fundi alimpa amri, hakumpa hata "pole".

"Hilo weka pale. Hilo kule. Si hilo."

"Sawa, Fundi."

"Inua kwa magoti, utavunja mgongo."

"Sawa, Fundi."

Mama mtu alimwonea huruma Jumapili ya nne. "Mwanangu, ama umsamehe ama umnunulie baiskeli. Kijana amekonda."

"Mama, ananiitikia sawa, sawa. Ndivyo alivyoiitikia barua."

Alisema kwa sauti, makusudi. Nahodha alisikia. Akaweka jiwe chini, akajifuta jasho, akatazama ukuta waliojenga tangu asubuhi. Akatazama tena.

"Fundi."

"Nini?"

"Safu yako ya chini umeipanga vibaya."

Mama mtu akaingia ndani haraka. Hakuna aliyewahi kumwambia Fundi maneno hayo akabaki kwenye kiwanja.

"Unasema?"

"Mawe marefu umeyalaza sambamba na maji. Wimbi litayaviringisha. Yaingize kichwa ndani ya udongo. Nimeyaona mawimbi haya kwa miaka sita, nayajua yanavyovuta. Tubomoe tuanze upya."

"Kazi ya siku nzima tuibomoe?"

"Ndiyo."

Fundi akachuchumaa, akaingiza mkono kati ya mawe, akasukuma. Likacheza. Akasukuma la pili. Nalo likacheza. Akabaki amechuchumaa, mabega yakaanza kutikisika, na Nahodha akadhani amemliza. Kumbe anacheka hadi machozi.

"Kumbe unaweza kusema!"

"Nimeumwa tumbo kabla ya kusema."

"Uwe unaumwa hivyo hivyo. Mimi nikikosea sitaki mtu wa kuniinamia kwa kofia."

"Na nikikosea mimi?"

"Utasikia. Hata ng'ambo watasikia."

Nahodha akamshika mkono uliojaa udongo, naye hakuuondoa. "Fundi wangu, nataka kukuoa."

"Shika jiwe kwanza."

Wakabomoa. Safu ya chini ilipokaa upya, mawe yameingiza vichwa, Fundi aliipanda kwa miguu miwili na kurukaruka juu yake. Haikutikisika.

"Mwambie mjomba wako alete posa Jumapili," akasema akiwa bado juu. "Jioni."

"Jioni ya Jumapili boti haziruhusiwi kuwasha injini."

"Najua. Nimeiandika mimi. Aje kwa miguu."