Kitako cha Bunduki ya Tilen

"Bogo! Mishumaa iko wapi?"

Cvetka alikuwa jikoni, pini mdomoni, anakunja mikono ya koti lake jeusi ili aipinde kwa uzi. Nje jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari. Kijiji kizima kilikuwa njiani kwenda makaburini, maana ilikuwa siku ya Watakatifu Wote, siku ambayo Slovenia nzima hata mlevi hukumbuka kununua mshumaa akawashie wafu wake.

"Niliisahau karakanani," Bogomir akajibu. "Naifuata."

"Ifuate basi, na usianze kushikashika mbao zako. Nakujua mie. Ukishaingia humo, kutoka ni majaliwa."

Akacheka, akavaa buti, akatoka. Mishumaa hakuisahau. Aliiacha kule makusudi, apate sababu ya kwenda peke yake.

Mbele ya uzio akakutana na mzee Lado, mwenyekiti wa chama cha wawindaji, anapita na maua yake ya kaburini.

"We Bogomir! Mkeo unamfua kwa maji ya moto nini? Nimemwona dukani, mama wa watu anasinyaa kama sweta ya sufu. Zamani si alikuwa ananifika hapa begani?"

"Uzee tu, mzee wangu. Mbona wewe mwenyewe umebaki pua?"

"Pua yangu inakua bado, usiionee wivu!" Mzee akaenda zake, anacheka na kukohoa.

Bogomir naye akacheka. Na hapo ndipo mtu unapotamani kumshika ukosi umtikise. Huyu alikuwa fundi wa vitako vya bunduki, ile mbao inayokaa begani, na bonde zima lilimjua kwa jicho lake. Mwindaji akiingia tu mlangoni, Bogomir alishajua urefu wa mkono wake, upana wa bega, na shavu litalala wapi kwenye mti. Lakini maneno yale ya mzee Lado yalipita sikio hili yakatokea lile. Akafungua kufuli ya karakana.

Hakuwasha taa.

Alikwenda moja kwa moja hadi kabatini, akaondoa kipande cha ngozi. Bunduki ya shabaha ya mwanawe ilikuwa pale, imelala. Tilen alipoingia mashindano ya chama mara ya kwanza, wenzake wote walikuwa na vitako vya kisasa, vyuma na plastiki, vyenye skrubu na vitasa vya kurekebisha kila upande. Yeye alikataa. Alitaka kitako kama cha babu yake kwenye ile picha ya ukutani: mti wa jozi, mwekundu mwekundu, shingo nyembamba, umenakshiwa jani la mwaloni.

"Lakini kirefuke, baba," alisema. "Kwa sababu mimi nakua."

Basi Bogomir akamtengenezea. Kwa sura cha kizamani, tumboni cha kisasa. Alikikata kitako nyuma, akakitoboa, akaficha ndani yake vyuma viwili vya kuteleza na skrubu ndefu yenye kitasa cha shaba. Ukizungusha kitasa, kipande cha nyuma kinasogea kidogo kidogo. Alikipaka mafuta ya kitani kwa kiganja, majira yote ya baridi, mpaka ukiinama unajiona. Kingemfaa Tilen hadi awe mwanamume wa miraba minne.

Tilen alikitumia kiangazi kimoja. Kisha kupe wa msituni, kidudu kidogo kuliko punje ya mtama, kikamuuma nyuma ya goti, homa ikampanda kichwani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikufa akiulizia kama mashindano yameahirishwa.

Wawindaji wa kule wana desturi yao. Siku ya mazishi, kila mmoja huvunja kitawi cha msonobari, akasogea kaburini, akakidondosha juu ya jeneza. Hiyo ndiyo kwaheri yao, hakuna nyingine. Mzee Lado alidondosha chake, na wengine wote wakafuata. Ilipofika zamu ya baba, mkono haukufunguka. Watu wakatazama kando kwa heshima, wakadhani kimeanguka. Bogomir akarudi nacho nyumbani ndani ya ngumi, akalegeza bamba la nyuma la kitako, akakisukumia kwenye uwazi uliokuwemo, akakaza tena.

Mwaka uliofuata, jioni kama hii, alikuta kitako kimerefuka.

Alidhani amechanganyikiwa. Akapima. Akafunga kabati kwa ufunguo. Mwaka uliofuata, hivyo hivyo. Mwaka wa tatu akakaa gizani akasubiri, na akasikia mwenyewe. Tangu hapo alikuja kila mwaka, peke yake, na hakumwambia mtu. Hata mkewe. Alijiambia kwamba Cvetka angevunjika moyo. Ukweli ni kwamba hakutaka kugawana.

Sasa akakaa kwenye kigoda chake kirefu cha kazi. Akasubiri.

Harufu ilitangulia. Utomvu wa msonobari... na sufu iliyolowa mvua, kama kofia ya mtoto iliyovuliwa sasa hivi.

Krii...

Kitasa cha shaba kilizunguka chenyewe.

Krii... krii...

Kikakwama.

"Baba."

Sauti ilitoka karibu sana, kama mtu aliyeinama begani. Nywele za Bogomir zikasimama, na bado alikuwa anatabasamu, machozi yanamtiririka.

"Nipo, mwanangu."

"Fupi."

Akapapasa skrubu kwa kidole. Kweli, meno yake yalikuwa yamekwisha. Kitako kile cha mtoto kilikuwa kimefika mwisho wake, na bado mkono wa mwenyewe ulikuwa mrefu zaidi. Mwanawe alikuwa kijana mkubwa! Bogomir akainuka kwa furaha ya kichaa, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akashusha kipande cha mjozi kilichobaki kwenye gogo lile lile.

"Nakuongezea, Tilen. Subiri kidogo tu. Nakuongezea sasa hivi."

"Bogo, mishumaa imekuwa ya kesho?"

Cvetka alikuwa amesimama mlangoni, mwanga wa ua nyuma yake. Harufu ikakatika. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, akihema kama mtu aliyepanda mlima.

Na pale kwenye mwimo palikuwa na alama za penseli. Za Tilen zilipanda moja baada ya nyingine mpaka zikakoma. Juu yake palikuwa na mstari mmoja mrefu, ulioandikwa MAMA. Mtoto mwenyewe aliuchora, kwa majigambo, akisema ataupita.

Kichwa cha Cvetka kilikuwa chini ya mstari ule kwa kiganja kizima.

Bogomir akatazama alama. Akatazama kichwa. Akatazama mikono ya lile koti, iliyopindwa upya, na bado inafunika vidole. Kisha akageuka polepole, akatazama kitako kilichorefuka.

Kiganja kizima.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo?" Cvetka akauliza.

"Unaumwa, mke wangu?"

"Nachoka tu. Mifupa." Akajaribu kucheka. "Kila vuli ni hivyo hivyo. Nimezeeka, Bogo, hukuona?"

Hakuona. Alipima wanaume wa bonde zima, huyu wa kitandani mwake hakumpima. Akamwomba atangulie uani. Alipobaki peke yake akalegeza bamba kwa pupa, bisibisi ikamkwaruza. Kitawi kikamwangukia kiganjani. Kilikuwa kibichi. Baada ya miaka yote hiyo, sindano zake zilikuwa laini, na zimelowa.

"Baba?" ikasema sauti, kwa mbali.

Aliziba masikio, kisha akanyakua mishumaa, akatoka mbio.

Makaburini mishumaa myekundu ilikuwa imewaka kila mahali, watu wananong'ona, wanapeana mikono. Cvetka akapiga magoti, akawasha wake. Bogomir akasimama juu ya jina la mwanawe na ngumi yake ile ile. Alijua akifungua mkono anampoteza mara ya pili, na safari hii ni kwa hiari yake. Akamwangalia mkewe, jinsi koti lilivyomwangukia mabegani. Akafungua.

Kitawi kikaanguka. Mishumaa yote ya kaburi lile ikainama upande mmoja, kama watu wanaompisha mtu njia, kisha ikanyooka.

"Hicho nini?" Cvetka akauliza.

Alimweleza njiani, hakumficha kitu. Cvetka alitembea mpaka daraja la mbao, akasimama.

"Alikuwa anasema?"

"Neno moja moja."

"Sauti yake..." Akamgeukia. "Ilikuwa imeshavunja? Imekuwa nzito?"

"Ndiyo. Kama ya baba yangu."

Cvetka akashika ukingo wa daraja. Alilia kilio cha chini, kile kisicho na aibu wala mwisho, na Bogomir alipotaka kumkumbatia, akamsukuma kifuani.

"Mwanangu amevunja sauti, na mimi niko jikoni namenya viazi. Umbali wa ua mmoja tu, Bogo! Ua mmoja!"

"Alikuwa anakumaliza, Cvetka. Jitazame!"

"Nani alikwambia kwamba nalalamika?"

Usiku ule hawakusemezana. Asubuhi Bogomir alikwenda karakana, akakuta kitako kimerudi mwanzo kabisa, kifupi, cha mtoto wa miaka kumi na miwili. Akakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la mbao, akalia.

Mwaka ukapita. Cvetka alirudi kuzungumza, akapika, akacheka hata, mara moja moja. Bogomir akajipa moyo kwamba jeraha linafunga. Vuli ikaingia. Jioni ya Watakatifu Wote alikuwa anapiga buti zake rangi jikoni.

"Mishumaa iko wapi?" akauliza.

"Niliisahau karakanani," Cvetka akajibu, anavaa koti. "Naifuata."

Alishatoka ndipo yale maneno yalipomwingia Bogomir. Akasimama, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Akatoka nayo hivyo hivyo.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Harufu ilimpokea tangu uani. Utomvu. Sufu iliyolowa.

Krii...

Cvetka alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mumewe, kitako kile amekikumbatia kifuani, bamba la nyuma limelegezwa. Ndani ya uwazi kulikuwa na kitawi cha msonobari. Chembamba kuliko kile cha mwanzo, kimevunjwa kwa mkono usio na nguvu. Hakikuwa cha Bogomir.

Miguu ya Cvetka haikugusa chini. Ilikuwa inaning'inia, inabembea polepole, kama ya mtoto kanisani.

"Cvetka." Sauti haikutoka vizuri. "Ulikiweka lini?"

"Usiku ule ule. Ulipolala nilirudi makaburini, nikakivunja kwenye msonobari unaoinamia kaburi lake."

"Kitoe, mke wangu. Nakuomba. Nitabaki na nani mimi?"

Hakugeuka. Uso wake, wallahi, ulikuwa na raha ambayo Bogomir hakuwahi kuiona tangu mazishi.

"Wewe ulikaa naye miaka yote ile peke yako," akasema kwa upole. "Sasa zamu yangu."

Krii... krii... krii...

Kitasa kilizunguka haraka, kama mtu aliyechelewa, kikapita mwaka baada ya mwaka, mpaka kikagonga mwisho.

Kimya.

"Mama."

Sauti nzito. Ya mwanamume.

"Naam, roho yangu."

"Fupi."

Cvetka akamtazama mumewe. Macho yake yalikuwa makubwa katika uso ule uliopungua.

"Umesikia, Bogo? Mtoto anataka aongezewe. Mimi siwezi kazi ya mbao."

Bogomir alitaka kumnyang'anya. Alitaka kukitupa kitako jikoni, motoni, yaishe. Alipiga hatua moja. Na begani kwake akahisi kidevu, kizito, chenye ndevu changa zinazokwaruza, kikijiegemeza pale ambapo Tilen alizoea kuegemea akimtazama baba anapiga randa.

Akaweka buti chini. Akaenda kwenye rafu ya juu, kilipokuwa kile kipande cha mjozi. Rafu hiyo aliijenga mwenyewe kwa urefu wa mkono wake, na kila siku ya Mungu aliifikia bila kutazama.

Akanyoosha mkono.

Vidole havikufika.

Akasimama hivyo kitambo, mkono juu, analia bila sauti. Nyuma yake Cvetka alikuwa anaimba taratibu wimbo wa kumlaza mtoto. Bogomir akavuta sanduku la mbao, akapanda juu yake.