Presha Haitolewi kwa Pembe

Mimi ni Florence wa Hai Cinema, hapa Juba, na jirani yangu ni Victoria. Tunagawana ukuta mmoja na choo kimoja. Tulikuwa wote uhamishoni kule Adjumani, Uganda. Nikisema namjua, namjua kweli. Alfajiri anachochea moto, anawaita watoto, anagombana na mwenye gari la maji, na mkono mmoja bado unasonga asida, ugali wetu.

Lakini tangu Pasaka kichwa kilikuwa kinamsumbua. Kisogo kinagonga, macho yanaona vimulimuli. Alipimwa kliniki, akaambiwa ana presha. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Mume wake, Isaac, alivitazama akacheka.

"Presha maana yake damu iko mingi," alisema. "Kitu ikijaa, unapunguza. Kalas, imeisha!"

Wengi huku kwetu wanasema hivyo hivyo. Basi Isaac akamwita fundi wa hijama. Huyo ni mtu anayechanja ngozi kwa wembe, kisha anaweka pembe ya ng'ombe na kuvuta damu. Victoria alichanjwa mgongoni na pembeni mwa kichwa. Siku hiyo alipata nafuu, akaweka vidonge kando. Kichwa kikaanza tena, fundi akaitwa tena. Ikawa ndiyo desturi. Wallahi, nilikuwa sipati usingizi kwa hasira! Viganja vya Victoria vilianza kuwa vyeupe. Akitembea kidogo tu, anahema.

"Mama Annet, meza dawa," nilimwambia.

"Wewe umekuwa daktari lini?" alinijibu. Huyo ndiye Victoria. Hata kichwa kiume vipi, mdomo wake hauumwi.

Ijumaa moja ua ulikuwa kimya. Sikutulia. Nikaenda kuchungulia. Victoria alikuwa ameketi mbele ya moto. Asida inaungua, na yeye anaitazama tu. Binti yake mdogo, Annet, alikuwa anamvuta nguo.

"Mama! Mama!"

Victoria alimwangalia mtoto, kisha akaniangalia mimi. "Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza.

Nilimvuta Annet kwangu. Kisha Victoria akatapika. Isaac akatoka ndani, akaanza kuzunguka ua, mara ndani, mara nje, simu iko sikioni.

"Namwita fundi," alisema. "Damu imepanda kichwani."

"Mwite uone! Nitampiga na mwiko huu!" nilisema, na sikuwa natania. Nikatoka mbio kwenda kwa Nyapal.

Nyapal ni muuguzi. Alikulia kambini Kakuma, Kenya, akasomea kazi yake huko huko. Sasa yuko kwenye kliniki moja kule Atlabara, na nyumba yake iko nyuma ya yetu. Alikuja na kipimo cha presha, viatu hata hakuvaa. Akamfunga Victoria mkanda mkononi. Akapima, akapima tena. Akavuta kope yake ya chini, akatazama ndani.

"Presha iko juu sana," alisema. "Na damu imepungua. Tunaenda hospitali sasa hivi. Nani atatuitia raksha?"

"Sista, damu imepungua, na presha iko juu?" Isaac aliuliza. "Inawezekana aje?"

"Presha si wingi wa damu, Baba Annet. Ni nguvu ya damu ikisukuma kuta za mishipa. Unaujua ule mpira wa gari la maji? Ukiubana, maji ni yale yale, lakini yanasukuma kwa nguvu."

Isaac aliingia ndani mbio. Alirudi na vidonge vyote vilivyobaki, rundo zima kiganjani. "Basi ameze hizi zote, ishuke haraka!"

Nyapal alimshika mkono. "Utamuua! Mishipa ya ubongo hujirekebisha yenyewe. Presha ikipanda, inajibana. Ikishuka, inajipanua. Lakini ina mpaka wake. Ubongo wa huyu mama umezoea presha kubwa. Ukiishusha ghafla, ubongo utakosa damu. Hospitali wataishusha polepole. Na mtu asiyejielewa usimpe kitu mdomoni!"

Raksha, yaani bajaji, ikaja, tukaenda. Victoria akapokelewa, sisi tukaachwa nje kwenye benchi. Isaac anaketi, anasimama, anaketi. Na mimi sikuwa bora kuliko yeye.

"Sista, niambie," Isaac alisema. "Kwa nini hamjui mtoto wake?"

"Kuta za mishipa midogo ya ubongo ni za pekee," Nyapal alijibu. "Zimebanana kama mkeka uliosukwa vizuri. Hewa safi na sukari zinapita. Uchafu mwingi na vijidudu vinabaki nje. Presha ikizidi mpaka, mkeka unalegea. Maji ya damu yanavuja, ubongo unavimba. Mtu anachanganyikiwa. Anaweza hata kupata kifafa, au kufa."

"Na pembe?"

"Pembe ilitoa chembe nyekundu za damu. Hizo ndizo zinabeba hewa hadi ubongoni, na hadi kwenye ukuta wenyewe. Zikiwa chache, ukuta unadhoofika. Tena ukuta ukiumia, chembe nyeupe zinakimbilia pale. Hizo ni askari wa mwili. Lakini askari wakijaa kwenye nyumba ndogo, nao wanaharibu."

Isaac aliketi. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi nimemuumiza."

"Ulitaka kumsaidia," Nyapal alisema. "Lakini ndiyo, ulikosea."

"Atatujua tena?"

"Wengi hurudi wakiwahi. Kwake bado sijui."

Isaac alifunika uso kwa mikono, akalia. Wanaume wawili waliopita walimtazama. Hakujali.

Kesho yake mchana tulimkuta Victoria ameinuliwa kwenye mto. Alitutazama mmoja mmoja. Isaac alisogea karibu.

"Isaac!" alisema. "Umekuja mbele za watu na shati hilo?"

Isaac alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nililia tu.

Sasa Victoria yuko nyumbani. Anameza dawa kila siku, kichwa kikiuma, kisipouma. Chumvi amepunguza. Anakula maharage, maini na kudra, yaani mboga ya majani tunayoipenda hapa Juba. Daktari alimpa pia vidonge vya kuongeza damu, na viganja vinarudi rangi. Wembe na pembe haviingii tena mlangoni.

Juzi Nyapal alikuja kumpima, akaona presha ni nzuri. Kisha akamgeukia Isaac, mkanda wa kipimo mkononi.

"Mimi sina shida," Isaac alisema. "Kichwa yangu haiumi."

"Presha haipigi hodi," Nyapal alimwambia.

"Malesh, samahani, Sista. Siku ingine."

Victoria aliweka sufuria chini. "Baba Annet," alisema taratibu, "mimi nilimsahau mtoto wetu siku moja, na wewe ukakaa nje unalia. Ukinisahau wewe, mimi nitafanya nini?"

Isaac alikunja mkono wa shati, akamnyooshea Nyapal.